Grafu ya Ukuta Usiotembea

Jumatatu, 16 Februari 2015

Leo nimetembea mbele ya darasa zima. Mimi!

Mwalimu Felisiani wa fizikia hatimaye amefungua lile boksi lililoletwa na watu wa mradi kabla ya Krismasi. Ndani kuna kifaa cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kina jicho la duara lenye wavu, na waya wa kuchomeka kwenye laptopu. Kinapima mwendo. Kinatoa mlio mwembamba ambao sikio haliupati — sisi tunasikia tik-tik-tik tu — mlio unagonga kitu na kurudi, nacho kinahesabu muda wa kwenda na kurudi. Kasi ya sauti inajulikana, kwa hiyo umbali unajulikana. Wavulana wa nyuma wakasema huyo ni popo. Basi. Jina limeshika.

Zoezi: kwenye skrini kuna mstari, nawe unatembea mbele ya Popo mpaka mstari wako ulale juu ya ule. Mwalimu akatazama darasa. Akasema, Pelagia. Vichwa vyote vikageuka.

Nikaenda, nikasimama, nikarudi. Katikati mstari wangu ukawa kama meno ya msumeno. Mwalimu akaeleza kwa upole kwamba pale ndipo niliposita. Zaitun akadakia kutoka benchi la mbele: "Kumbe hata aibu ina grafu!" Darasa zima likaangua kicheko.

Zaitun ni mwenzangu wa maabara na wa kitanda, mimi chini yeye juu. Baba yake ana duka la vitenge Kasulu mjini, mama yake mtu wa Tanga. Huwa anaongea kwa niaba yetu wote wawili. Wala simchukii kwa hilo. Bila yeye watu wangedhani kitanda cha chini kiko wazi.

Alhamisi, 19 Februari 2015

Tumeangusha mpira chini ya Popo ili tupate mchapuko wa mvutano wa dunia. Kitabu kinasema 9.8. Sisi tumepata 9.3.

"Pika," Zaitun akaninong'oneza.

Kila mtu hapa anapika. Kidato cha kwanza hujui kitu, kidato cha pili kaka na dada zako wanakufundisha. Unachora kwanza mstari unaotakiwa, unaweka nukta juu yake — moja unaiacha nje kidogo, isionekane umepika — halafu ndipo unajaza jedwali kutoka kwenye grafu. Kinyumenyume. Msahihishaji anatoa alama kwa mstari ulionyooka. Karatasi ya rafu inachomwa jikoni. Sikumbuki kuona mtu akiitunza.

Mwalimu Felisiani anachukia. Alituambia namba chafu ni rafiki. Watu wakaandika: namba chafu ni rafiki. Halafu wakapika.

Ametoa kazi ya muhula: kila wawili wachague kitu kinachotembea, wakipime mpaka Pasaka. Wengine wamechukua mlango wa maktaba, wengine kuku wa mpishi. (Kuku! Popo atamwonaje, wenyewe wanajua.) Mimi nilisubiri darasa liishe. Nikamwuliza kama inaruhusiwa kupima kitu kisichotembea. Akafurahi mno. Akasema hakuna aliyewahi kumwuliza. Kitu kisichotembea grafu yake ni mstari uliolala. Ukiona umepinda, basi hilo ni kosa la Popo, si la kitu. Hivyo tutajua Popo anadanganya kiasi gani.

Zaitun amenuna. "Wenzetu wana kuku, sisi tuna ukuta. Shosti, utanizeesha."

Ukuta wenyewe ni ule wa mawe nyuma ya bweni letu. Bweni limejengwa kwenye mlima uliochongwa, na ukuta unazuia udongo usituangukie. Nimeuchagua kwa sababu uko karibu, hautikisiki, na hakuna mtu anayepita kunitazama.

Jumanne, 24 Februari 2015

Nimejiaibisha.

Tunamweka Popo juu ya kizingiti cha dirisha la nyuma, kwenye alama niliyoikwaruza kwa msumari, jicho likitazama ukuta. Jana alfajiri: mita moja na sentimita themanini na mbili. Jana saa saba mchana: sentimita tatu na nusu pungufu! Nikarudia. Vilevile. Nilikimbia — mimi, kukimbia — mpaka chumba cha walimu, nikasema mbele ya wote kwamba ukuta unakuja.

Mwalimu Felisiani hakucheka. Wengine walicheka mpaka chai ikawapalia. Akanitoa nje, akanieleza. Mchana hewa ina joto, na kwenye joto sauti inakimbia zaidi. Mlio unawahi kurudi, Popo anadhani kitu kimesogea. Usiku ukija baridi, sauti inachelewa, kitu kinaonekana kimerudi nyuma. Ukuta haujaenda popote. Joto ndilo lililotembea.

Akanipa kipimajoto cha maabara na kanuni ya kusahihisha. Akasema nimefanya vizuri kuogopa, ila niogope baada ya kukokotoa.

Bwenini sasa naitwa Ukuta-Unakuja. "We Ukuta-Unakuja, nipishe nipite."

Jumamosi, 28 Februari 2015

Nimesahihisha namba zote kwa joto. Nilitegemea mstari ulale.

Haujalala.

Ni kidogo sana. Milimita. Labda Popo amesukumwa na mtu aliyefungua dirisha. Nimekwaruza alama upya, kwa kina zaidi.

Jumanne, 3 Machi 2015

Mvua tangu Jumapili. Ile yetu ya milimani, inaingia asubuhi na haina haraka ya kuondoka. Sweta halikauki.

Nimegundua jambo, na sijui kama ni jambo. Mwaka jana wakati kama huu kichochoro cha nyuma kilikuwa matope matupu. Ukuta ulikuwa na matundu, mabomba madogo chini, na maji ya mlima yalitiririka humo mchana na usiku. Tuliwekewa mbao za kukanyagia. Mwaka huu kichochoro ni kikavu. Kikavu kabisa, na mvua yote hii!

Nimekumbuka. Oktoba, kabla ya mahafali, ukuta ulipigwa plasta na kupakwa chokaa, maana mgeni rasmi angetembezwa mabweni. Ulipendeza. Mgeni rasmi alisimama pale, akapigwa picha. Matundu sijui yako wapi. Nimepapasa kwa mkono plasta yote ya chini. Hayapo. Yamezibwa.

Basi maji yako wapi?

Nimemwuliza Zaitun. Akasema mshukuru Mungu, viatu vyako vinakauka.

Ijumaa, 6 Machi 2015

Namba za leo zilisema ukuta umerudi nyuma. Nilifurahi kama dakika moja. Halafu nikatazama kipimajoto: nyuzi kumi na tano. Baridi inaufanya uonekane mbali. Nikasahihisha — na kumbe ndiyo siku umekuja karibu kuliko zote.

Yaani mvua inausukuma na baridi ya mvua hiyohiyo inaufunika. Nimekaa na hilo wakati wote wa somo la historia. Sikusikia neno.

Nimemwonyesha Mwalimu Felisiani. Safari hii naye hakusema niogope baadaye. Alipitia hesabu yangu, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Akavaa buti, tukapanda juu ya ukuta kwenye shamba la mihogo la shule. Kati ya matuta kuna ufa. Unafuata ukuta, sambamba nao, kama mtu amepitisha jembe. Nilitia mkono. Ukaingia mpaka kifundo. Ndani palikuwa na baridi na palinuka udongo wa kaburini.

Mwalimu amekwenda kwa Madam Mwajabu, mkuu wa shule. Mimi nilibaki barazani. Dirisha lilikuwa wazi. Madam hakufoka. Alisema, "Felisiani, mdogo wangu, wasichana sitini niwapeleke wapi? Madarasani? Hakuna mlango unaofungika hata mmoja, na barabara ile pale. Likitokea la kutokea utawajibu wewe wazazi?" Mwalimu akasema milimita kumi na mbili. Madam akasema milimita haijawahi kuua mtu.

Lakini amekubali hivi: tuendelee kupima, wiki ya tarehe kumi na tisa apelekewe grafu iliyonakiliwa vizuri. Ikionyesha ukuta unatembea, atatuhamisha na kumwita injinia wa halmashauri. Ikionyesha umetulia, maneno yaishe.

Tatizo moja. Jumapili Mwalimu anaenda semina Kigoma mjini, wiki mbili. Kaniachia ufunguo wa kabati la Popo. "Namba zako ni nzuri," akasema. "Ziache kama zilivyo."

Jumapili, 8 Machi 2015

Nimeongea na Baba kwa simu ya Matroni Asia. Kule kwetu Mabamba mtandao unapatikana pale kwenye kichuguu tu, na hapo upepo unaongea kuliko yeye. Nilimweleza habari ya ukuta. 

Akasema, "Mwana wanje." Mwanangu, kwa lugha ya kwetu. "Hiyo kazi si ya walimu?"

Nikasema mwalimu ameniachia.

Akasema basi pima, andika, mpe mkubwa, rudi ukae. Usijitokeze. Baba alivushwa mpaka mgongoni kwa mama yake mwaka sabini na mbili, wakikimbia mauaji ya kwao, na karatasi ya uraia ameishika mkononi akiwa na mvi. Anaikunja ndani ya nailoni, nailoni ndani ya kopo. Kwake mtu anayesimama mahali peke yake ni mtu anayetafutwa. Nilipofaulu kuja hapa alifurahi kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie.

Nikasema ndiyo Baba. Akasema, "Humura." Usiogope. Lakini yeye ndiye alikuwa na sauti ya kuogopa.

Jumatano, 11 Machi 2015

Mvua. Mlango wa bweni umeanza kukwama juu, kona ya kulia. Matroni kasema mbao zimevimba.

Sakafuni, chini ya kitanda chetu, kuna mstari mwembamba kwenye saruji. Sikumbuki kama ulikuwepo.

Milimita kumi na tisa. Nimesahihisha kwa joto na kurudia. Nimerudia tena.

Zaitun alinikuta natazama dirishani. Akaniuliza kwani naona nini. Nikasema hakuna. Akasimama karibu nami, naye akachungulia. Kisha akasema: "Mimi naona chokaa tu, Pela. Chokaa nyeupe, safi. Tulale."

Jumatatu, 16 Machi 2015

Homa tangu jana. Kichwa kinagonga. Zahanati wamesema malaria, wamenipa dawa, nimelazwa chumba cha wagonjwa kilicho upande wa jikoni.

Zaitun amekuja na uji. Amesema nisiwe na wasiwasi, yeye atapima asubuhi na jioni na grafu ya Madam atainakili mwenyewe, kwa kalamu ya wino na rula, maana mwandiko wake mzuri. Nimempa ufunguo na karatasi zangu zote za rafu. Nikamwambia asisahau kipimajoto. Akasema, "Nimesikia, bibi harusi. Kunywa uji."

Mtu mwema, Zaitun. Hapa kila mtu ananipita mlangoni, yeye ameingia.

Alhamisi, 19 Machi 2015

Siwezi kuandika vizuri. Nimetoka chumba cha wagonjwa leo asubuhi, nikaenda moja kwa moja paredi.

Madam Mwajabu alipanda jukwaani na karatasi mkononi. Grafu yetu! Akaiinua. Akasema shule hii ina wanasayansi, tena wasichana. Wamepima ukuta wa bweni kwa wiki kadhaa kwa chombo cha kisasa. Na hili hapa jibu. Ukuta umetulia. Akataja majina. Zaitun. Pelagia Ndayikunda. Tupigiwe makofi, matatu ya kilo.

Makofi yakapigwa.

Kutoka mstari wa tatu niliiona. Mstari umelala. Umelala kama rula yenyewe. Nukta zote juu yake, moja iko nje kidogo.

Nilitaka kuinua mkono. Nilikuwa nimeshaukunja kiwiko. Madam akatazama upande wangu, akatabasamu, akasema maneno yaishe sasa, asisikie mtu anatisha wenzake, na kile chombo kirudi stoo mpaka Mwalimu arudi. Ufunguo ameuchukua yeye.

Mkono ukashuka wenyewe.

Ijumaa, 20 Machi 2015

Nimemwuliza Zaitun, nyuma ya mabomba ya maji, tukifua. Hakukataa. Hata hakuona aibu mwanzoni. Alidhani nimekuja kumshukuru!

Alisema namba zangu zilikuwa zinashuka tu, zinashuka, na za kwake vilevile. Sasa kitu kisichotembea grafu yake ni mstari uliolala, si Mwalimu alisema? Ukipinda ni kosa. Basi yeye akasahihisha kosa. "Ungepeleka ile takataka yako kwa Madam tungechekwa shule nzima, Pela. Tena jina lako limeandikwa juu yake. Nimekusitiri."

Nikamwuliza karatasi za rafu ziko wapi.

Jikoni. Amechoma. Kama kawaida.

Nikamwambia: Zaitun, nilichagua ukuta kwa kuwa niliamini hautembei. Mimi ndiye nilikosea. Ukuta haukukosea, wala Popo. Unatembea.

Akaacha kufua. Povu likamkaukia mkononi. Akasema labda ni joto, kama siku ile. Nikasema joto nimeshalitoa, la leo, la jana, la siku zote. Akasema labda dirisha. Nikasema hapana. Akasema basi Mwalimu akirudi tutamwambia. Anarudi Jumatatu. Jumatatu si mbali.

Nikamwomba tuende kwa Madam sasa hivi, sisi wawili, aseme yeye maana mimi siwezi. Macho yakamjaa machozi. Alisema baba yake ameshapigiwa simu na Madam kumpongeza. Ameshawaambia wateja dukani. Mtu wa kughushi karatasi ya mkuu anasimamishwa masomo, hilo silijui? "Usinifanyie hivyo, dada. Nakuomba."

Hajawahi kuniita dada.

Nilikwenda peke yangu. Nilifika mpaka mlango wa ofisi. Nikabisha. Madam akasema ingia. Nikasema zile namba si zenyewe. Akaniuliza, si jina lako hili? Nikasema ni langu. Umepima au hukupima? Nimepima. Akanitazama kwa huruma, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akasema malaria inachezea kichwa, nikapumzike.

Sina Popo. Sina karatasi. Nimekata ubua wa bingobingo, yale majani marefu kama matete, kule bondeni, mkavu, mgumu, nikauchonga mpaka ukatosha sawasawa kati ya kizingiti cha dirisha na ukuta. Hauchezi, wala haukazi. Nimeuacha pale.

Jumamosi, 21 Machi 2015

Asubuhi ubua ulikuwa umepinda kama upinde. Nilijaribu kuuchomoa, ukagoma. Umebanwa kwelikweli.

Nikamwita Matroni Asia. Alikuja na kanga begani, akautazama, akaugonga kwa kidole. "Ulikata mrefu mwenyewe, mwanangu." Nikasema jana ulitosha. Akasema jana wewe ulikuwa na homa. Lakini aliondoka haraka kuliko alivyokuja, na hakupitia kichochoroni.

Saa saba mchana. Wingu limekaa juu ya shamba la mihogo. Jeusi chini, na tumbo limeshuka. Leo ni siku ya usafi, wasichana wote wako bwenini.

Nilikaa kitandani nikajiuliza Baba angefanya nini. Nilijua. Angekaa kimya pembeni ya mlango, viatu miguuni, na kama ni kukimbia angekimbia na wa kwake. Mimi wa kwangu ni nani humu? Nilihesabu vitanda kwa macho nikaacha, maana kila nilipofika kuna mtu.

Nikasimama katikati ya bweni. Nikasema. Nadhani nilisema, "Tutoke. Ukuta unakuja." Ilitoka ndogo mno. Mmoja akauliza, anasemaje huyo? Mwingine akasema, Ukuta-Unakuja ameanza tena. Wakacheka, si kwa ubaya. Shadia wa kitanda cha kona ndiye aliyenijibu vizuri: "Pela, si wewe mwenyewe uliyepima? Sisi tunakuamini. Umetulia."

Zaitun alikuwa kitandani juu, amegeukia upande wa pili. Alikuwa hajalala. Mtu aliyelala hashiki shuka namna ile.

Basi nimebeba godoro langu. Nimelikunja, nimeliweka kichwani, nimetoka. Nimevuka uwanja wa paredi mchana kweupe, shule nzima ikiona, wavulana wakipiga miluzi kutoka kwenye bomba la maji. Niko kwenye baraza ya kidato cha kwanza, ng'ambo. Nimekalia godoro. Naandika ili nisitazame nyuso.

Saa nane. Madam amekuja, Matroni nyuma yake. Ameniuliza hii ni sinema gani. Nikasema silali mule tena, Madam, na wenzangu wasilale. Nilisema yote, mpaka mwisho. Sikulitaja jina la Zaitun. Nilisema tu kwamba ile grafu ilinakiliwa vibaya. Madam akauliza na nani. Nikainamia godoro. Akauliza tena. Akasema, "Unaona? Huna." Nikiwa sijarudi ndani kabla ya hesabu ya jioni, Jumatatu baba yangu atakuwa ofisini kwake, na nirudi naye Mabamba.

Sikuinuka. Sijui ni nani aliyekuwa amekaa pale, lakini hakuinuka.

Hawajaondoka mbali. Wamesimama kwenye ngazi za ofisi.

Saa nane na nusu hivi. Wasichana wametoka kunitazama. Wamejaa mbele ya bweni, wengine na mifagio, wengine nywele nusu zimesukwa. "Malkia wa godoro!" "Tuwekee nafasi, jirani!" Wacheke tu. Wako nje. Wacheke mpaka jioni.

Nimeona wanapisha njia mlangoni. Ni Zaitun. Ana godoro kichwani.

Hawacheki tena. Shadia amemshika mkono, anamwuliza kitu. Zaitun amemjibu, sisikii nini. Shadia amemwachia. Zaitun anakuja. Amefika katikati ya uwanja. Madam ameshuka ngazi moja, anamwita: "Zaitun! Na wewe? Njoo hapa unieleze."

Amesimama. Akigeukia ofisini ni kusema kwamba alipika. Akija huku ni kama amesema. Akirudi—

Mvua imeanza. Haikunyunyiza kwanza, imeshuka yote kwa pamoja. Bati linalia. Wasichana wanapiga kelele, wanakimbia kurudi bwenini, wamejifunika ndoo na kanga, wanasukumana mlangoni. Matroni anawahimiza kwa mikono miwili: ndani, ndani, mtalowa! Uwanja umebaki mtupu. Mlango umefungwa.

Zaitun hajaondoka. Anatazama huku. Anatazama ofisini. Godoro linakunywa maji, shingo yake inaanza kulemewa.

Nimemwita. Hajageuka. Nasimama, nimwite tena—